Kuweka sakafu mpya ya mninga juu ya sakafu ya zamani ya mbao, nyumba ya Isamilo

Mkazi wa Isamilo anauliza:

Ndugu mafundi na wote wenye uzoefu, habari za leo. Ninaomba ushauri kuhusu nyumba ya marehemu baba yetu iliyopo Isamilo, hapa Mwanza. Ni nyumba ya zamani; baba alipoinunua aliambiwa kwamba ilijengwa miaka michache baada ya reli kufika mjini mwaka 1928. Upande wake wa nyuma, unaoelekea mlimani, umekaa karibu kabisa na ardhi, na upande wa mbele, unaotazama ziwa, umeinuliwa juu ya nguzo za mawe kiasi kwamba mtoto anaweza kuingia uvunguni akiwa amesimama wima. Sakafu ya sebule na ya chumba kikubwa cha kulala ni ya mbao zilizopigiliwa juu ya boriti, bila zege lolote chini yake.

Mbao hizo zina unene wa milimita 22 na upana wa sentimita 10, na zimeunganishwa kwa ulimi na mfereji, yaani ulimi wa ukingo wa ubao mmoja unaingia katika mfereji wa ubao wa jirani. Sebule ina urefu wa mita 5.4 na upana wa mita 4.2. Karibu na mlango wa baraza mbao zimelika kwa miaka mingi ya miguu na viti, sehemu mbili zinabonyea ukizikanyaga, na usiku mtu akiamka kunywa maji nyumba nzima inamsikia kwa jinsi zinavyolia. Mama bado anaishi humo, umri wake umekwenda, na ninahofia kwamba siku moja atajikwaa.

Nimeshanunua mbao za mninga zenye unene wa milimita 19 na upana wa sentimita 9, zikiwa zimekwisha kuchongwa ulimi na mfereji. Nimewaita mafundi wawili, nao wamenipa majibu yanayopingana. Wa kwanza anasema atazipigilia moja kwa moja juu ya zile za zamani, zikifuata mwelekeo uleule, na kwamba ni kazi ya siku tatu. Wa pili anasema ni lazima ang'oe kila kitu hadi kwenye boriti, kwa sababu sakafu haiwekwi juu ya sakafu. Mama hataki zing'olewe. Baba alizipaka nta kwa mikono yake kila mwisho wa mwaka, na mimi siwezi kumbishia mama katika hilo bila sababu ya kweli.

Je, inafaa kuweka mbao juu ya mbao? Kama inafaa, zielekee wapi, zishikwe kwa misumari au kwa gundi, na ni jambo gani ambalo mtu asipoliangalia mapema atalijutia?

Seremala wa Mabatini anajibu:

Ndugu yangu, Mungu amrehemu mzee. Nimefanya useremala kwa zaidi ya miaka thelathini, na jibu langu ni kwamba mafundi wako wote wawili wamekosea. Inafaa kabisa kuweka sakafu ngumu juu ya sakafu ya mbao, na nyumba nyingi zimefanywa hivyo zikadumu. Lakini haifai kuiweka kwa namna anayoisema huyo wa kwanza.

Nianze na mwelekeo, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kila ubao wa zamani huvimba na kusinyaa katika upana wake, na kiungo kati ya ubao na ubao hufunguka na kufumba kila msimu. Ukilaza mbao mpya zikifuata mwelekeo uleule, baadhi ya viungo vipya vitaangukia juu au karibu na viungo vya zamani, na mchezo wote wa chini utapanda juu: utaona nyufa ndefu zilizonyooka, na kingo za mbao mbili zikiachana kimo, mmoja juu na mwingine chini. Mbao mpya zinatakiwa zizikatize za zamani, ama kwa pembe mraba ama kwa mshazari. Endapo kuna sababu kubwa ya kutaka zielekee upande uleule, basi kati yake ulazwe kwanza ubao wa plaiwudi, usiopungua milimita 12, uliofungwa vizuri kwa skrubu. Na hapo ujue kwamba sakafu yako imepanda kwa zaidi ya sentimita 3.

Sasa fuatilia jambo hili kwa makini. Mbao za zamani zimepigiliwa zikikatiza boriti. Mbao mpya zikikatiza za zamani, maana yake ni kwamba zitakwenda sambamba na boriti, kwa hiyo misumari yake mingi haitagusa boriti hata kidogo. Itashika mbao za zamani tu. Sakafu mpya haitakuwa imara kuliko ile iliyo chini yake. Ndiyo maana kabla hujafungua hata fungu moja la mninga, kila ubao wa zamani ufungwe upya kwenye kila boriti kwa skrubu ya inchi mbili na nusu au tatu, kichwa kikizamishwa ndani ya mbao. Mlio unaousikia usiku ni ubao ulioachana na boriti ukipanda na kushuka kwenye msumari wake uliolegea. Ukiufunika bila kuufunga, utaendelea kulia chini ya sakafu mpya, na hutakuwa na njia ya kuufikia.

Zile sehemu mbili zinazobonyea ni jambo lingine, na hizo ndizo zinazonipa wasiwasi. Ubao unaolia una msumari mbovu, lakini ubao unaobonyea huenda hauna boriti ya kuukalia. Fungua hapo. Usikubali fundi yeyote akuambie kwamba plaiwudi itaficha. Ingia uvunguni na tochi na bisibisi kubwa, uchome kila boriti, hasa miisho yake inapoingia ukutani na sehemu iliyo karibu na bafu au jiko. Bisibisi ikizama kama inavyozama kwenye muhogo uliochemshwa, boriti hiyo imeoza au imeliwa. Tazama pia nguzo za mawe kama kuna njia za udongo za mchwa zinazopanda. Nyumba za zamani ziliwekewa kifuniko cha bati juu ya kila nguzo, kingo zake zikikunjwa kuelekea chini, ili mchwa asipande kwa siri. Bati hilo likiwa limetoboka kwa kutu, libadilishwe. Na ukiona unga laini chini ya vitundu vidogo vya mviringo, huyo ni bungua, naye anahitaji dawa kabla hajafunikwa.

Nenda ukatazame, halafu uturudie. Misumari, gundi na mengine tutayazungumza ukishajua umesimama juu ya nini.

Mama wa Nyegezi anajibu:

Ninaomba niongeze yaliyonipata mimi, kwa sababu ningepata ushauri kama huu mapema nisingelipa mara mbili.

Sisi tuliweka sakafu mpya juu ya ya zamani mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu na mbao zimekaza. Fundi alikuwa mnyoofu na kazi yake ilipendeza macho. Alizibana mbao hadi zikagusa ukuta pande zote, nasi tukamsifu kwa kutoacha hata mwanya wa kupitisha kisu. Mvua za vuli zilipoanza mwezi wa kumi, tulianza kusikia milio mikali kama kitu kinapasuka. Kufikia mwezi wa kumi na moja sakafu ilikuwa imenyanyuka katikati ya chumba kama mgongo wa ngalawa, na mlango wa chumbani ukagoma kufunguka.

Mtu aliyekuja kututazamia alituonyesha mambo mawili. La kwanza lilikuwa huo ukosefu wa nafasi ukutani: mbao zilipovimba hazikuwa na pa kwenda isipokuwa juu. La pili lilikuwa uvunguni. Mpangaji aliyetutangulia alikuwa ameziba matundu yote ya hewa ya msingi kwa saruji ili panya na nyoka wasiingie. Ardhi ya chini ilikuwa mbichi muda wote, mvuke ulikuwa unapanda, na mbao zilikuwa zinaunywa kutoka chini huku juu zikiwa zimefungwa na vanishi. Ndiyo maana kila ubao ulikuwa umejikunja, kingo juu na katikati chini.

Kwa hiyo, ndugu wa Isamilo, ukishuka uvunguni usiangalie boriti tu. Angalia matundu, na angalia maji ya mlimani yanapita wapi mvua inaponyesha. Katika milima yetu ya mawe maji hayanywei ardhini haraka. Yanateleza juu ya mwamba na kutafuta msingi wa nyumba.

Mkazi wa Isamilo anajibu:

Ninawashukuru sana, na shikamoo mzee wa Mabatini. Nimefanya kama mlivyonielekeza, na nimeyaona mambo ambayo katika miaka yote niliyoishi katika nyumba hii sikuwahi kuyaona.

Jumamosi nilishuka uvunguni. Upande wa mbele, ulio juu ya nguzo, boriti ni ngumu kama chuma, bisibisi haikuingia. Mabati ya nguzo mawili yametoboka, lakini sikuona njia ya mchwa. Upande wa nyuma, unaokaribia ardhi, matundu matano kati ya sita yamezibwa na udongo ulioshushwa na mvua kutoka mlimani, na udongo huo umegusa kabisa mwisho wa boriti moja iliyo jirani na ukuta wa bafu. Hiyo imeoza kwa urefu wa kama sentimita 70. Iko chini ya moja ya zile sehemu zinazobonyea. Ile sehemu ya pili ilikuwa ni ubao uliovunjika ulimi wake, basi.

Swali langu sasa ni kuhusu unyevu. Mzee mmoja wa kiwanda cha mbao amenipa makadirio tu, hakuwa na mashine ya kupimia: aliniambia mninga huo ni mkavu kwa sababu umekaa ghalani miezi minane. Sina kifaa cha kupimia. Nitajuaje?

Mpima Mbao wa Ilemela anajibu:

Kukaa ghalani miezi minane hakuthibitishi kitu, kwa kuwa rundo lililobanana bila vijiti kati ya tabaka na tabaka linaweza kukaa mwaka mzima na likabaki bichi katikati. Unyevu wa mbao unapimwa, nawe unaweza kuupima jikoni kwako bila mashine.

Kata kipande kidogo cha ubao, kiasi cha sentimita 2 au 3 kwa urefu wa ubao, lakini usikikate kwenye ncha. Ingia ndani angalau sentimita 30, kwa sababu ncha hukauka mapema na itakudanganya. Kipime mara moja kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu. Kisha kiweke kwenye oveni yenye joto la nyuzi 103 au karibu na hapo, ukitoe na kukipima kila baada ya saa chache hadi uzito uache kupungua. Chukua uzito wa kwanza, toa uzito wa mwisho, gawanya tofauti hiyo kwa uzito wa mwisho, zidisha kwa 100. Hiyo ndiyo asilimia ya unyevu. Ikiwa kipande kidogo kina gramu chache mno kwa mizani yako, pima vipande kadhaa kwa pamoja. Fanya hivyo kwa mninga mpya, na ufanye hivyo pia kwa kipande cha sakafu ya zamani kutoka kwenye ule ubao uliovunjika.

Namba moja peke yake haitoshi; tunachotafuta ni tofauti kati ya mbao mpya na zile zitakazozibeba. Mwongozo unaofuatwa na mafundi wa sakafu wa Marekani unasema tofauti hiyo isizidi asilimia 4 kwa mbao nyembamba zilizo chini ya inchi 3, na isizidi asilimia 2 kwa mbao za upana wa inchi 3 na kuendelea. Sentimita zako 9 ni zaidi ya inchi 3, kwa hiyo wewe uko kwenye kipimo cha asilimia 2.

Sababu yake ni hii. Mbao hazikauki zikafika mwisho. Zinatafuta ulinganifu na hewa inayozizunguka. Katika joto la nyuzi 25, hewa yenye unyevu wa asilimia 50 huzituliza mbao karibu na asilimia 9, ya asilimia 65 karibu na asilimia 12, na ya asilimia 80 karibu na asilimia 16. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunapita katika viwango hivyo kila mwaka, kati ya kiangazi na masika. Chukua mti unaovimba kwa asilimia 0.2 ya upana wake kila unapoongeza asilimia moja ya unyevu. Ubao wa milimita 90 ukipanda asilimia 3 unaongezeka zaidi kidogo ya nusu milimita, na wewe utakuwa na mistari 60 ya mbao katika urefu wa mita 5.4. Hiyo inafika milimita 32. Mninga una sifa kubwa ya kutulia na huvimba kwa kiasi kidogo kuliko miti mingi, nao ni uchaguzi mzuri, lakini hesabu hiyo inaeleza kwa nini sakafu ya mama wa Nyegezi ilinyanyuka.

Mkazi wa Isamilo anajibu:

Nimepima. Vipande vya mninga mpya vilikuwa gramu 164 na vikaishia 140, sawa na asilimia 17. Vya sakafu ya zamani vilikuwa gramu 147 vikaishia 130, sawa na asilimia 13. Kwa hiyo tofauti ni 4, na fundi wa siku tatu angekuwa ameshamaliza kazi.

Mfanyabiashara wa Mbao, Igoma, anajibu:

Ninaunga mkono yaliyosemwa, nami nazungumza kama muuzaji. Wateja wengi huuliza bei na rangi, mara chache sana huuliza unyevu, na hilo ndilo linalowapa baadhi yetu nafasi ya kuuza mbao mbichi kwa jina la mbao kavu. Muulize muuzaji wako kama zilikaushwa kwenye tanuri au kwa hewa, na omba risiti pamoja na nakala ya hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu. Mninga wetu hapa Mwanza hutoka zaidi katika misitu ya miombo ya upande wa Tabora na Katavi, na mti huu umevunwa mno. Mwenye mbao halali hataona taabu kukuonyesha karatasi.

Kwa wengine watakaosoma hapa na hawajanunua bado: mkongo ni mgumu zaidi na hutulia vizuri, ila unachosha msumeno. Mtiki nao hautawasumbua kwa kuvimba, lakini una mafuta, na usipofutwa kwa thina kabla ya vanishi, vanishi itabanduka. Mkaratusi usiutumie kwa sakafu hata kama bei yake inavutia, kwa kuwa unajikunja na kupasuka. Paini ni laini na kiatu chenye kisigino kitauachia alama, lakini kwa ile boriti iliyooza paini iliyotiwa dawa inafaa kabisa. Mashamba ya miti ya Rubya kule Ukerewe na Buhindi upande wa Sengerema hayako mbali nasi.

Kuhusu kiasi, eneo lako ni mita za mraba 22.68. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kutupa, unafika karibu mita za mraba 25. Kwa ubao wa sentimita 9 wenye urefu wa mita 2.4 unahitaji mbao 116. Nunua zote kwa pamoja. Ukirudi baada ya miezi miwili kutafuta kumi zilizopungua, hutaipata rangi ileile.

Seremala wa Mabatini anajibu:

Marahaba, mwanangu. Umefanya kazi ya mafundi wawili, na sasa tunaweza kuzungumza.

Boriti usiing'oe yote. Kata sehemu iliyooza hadi ufike kwenye mbao ngumu, kisha funga boriti mpya ubavuni mwa ile ya zamani kwa bolti, ikipita mbali na mahali ulipokata na kukaa vizuri kwenye ukuta, ikiwa imetenganishwa na jiwe kwa kipande cha karatasi ya lami. Toa udongo wote unaogusa msingi, fungua matundu na uyawekee wavu wa chuma wenye vitundu vidogo. Wavu unazuia panya na nyoka bila kuzuia hewa. Upande wa mlimani chimba mfereji wa kuyapeleka maji pembeni. Halafu tandaza nailoni nzito juu ya ardhi yote ya uvunguni, kingo za vipande zikipandana sentimita 15 au zaidi, ili mvuke ubaki chini.

Nailoni hiyo iwe ardhini, isiwekwe kamwe kati ya sakafu mbili. Nimewaona wanaoilaza juu ya mbao za zamani wakidhani wanazikinga mpya; unyevu ukifika hapo hauna pa kutokea, na mbao za chini zinaoza bila mtu kujua. Kati ya sakafu mbili weka karatasi ya lami au karatasi nzito ya kahawia, ambayo inapunguza mvuke bila kuufunga na inazuia mbao zisisuguane na kulia.

Mninga uupange sebuleni penyewe, si barazani wala kwenye stoo ya bati. Weka vijiti vya sentimita 2 kati ya tabaka na tabaka, madirisha yafunguliwe na kufungwa kama mnavyoishi siku zote. Usizitazame tarehe, tazama mizani. Pima tena kila baada ya wiki mbili hadi tofauti iwe chini ya 2.

Wakati unasubiri, ng'oa skatingi, zile mbao nyembamba za chini ya kuta, taratibu kwa sababu utazirudisha, na uitembeze rula iliyonyooka ya mita 3 juu ya sakafu yote iliyokwisha kufungwa kwa skrubu. Penye kilima kiondoe kwa randa; penye bonde la zaidi ya milimita 5 pajaze kwa plaiwudi nyembamba au tabaka za karatasi ya lami, si kwa saruji, maana saruji juu ya mbao zinazonesa itapasuka na kuwa changarawe. Mkikwangua rangi ya zamani kwenye kingo, lowesheni kwanza na vaeni barakoa, kwa kuwa rangi za miaka ile nyingi zilikuwa na risasi, na mama asiwepo chumbani.

Msumari uwe wa inchi 2, uingie kwa mshazari juu ya ulimi wa ubao ili ubao unaofuata uufunike, umbali wa sentimita 20 hadi 25 kati ya msumari na msumari, na usiukaribie mno mwisho wa ubao. Mninga hupasuka, kwa hiyo toboa kwanza kwa keekee nyembamba kuliko msumari. Gundi usiitumie, haitashika juu ya nta ya mzee, na ikishika itakuzuia kuzifungua mbao siku ukihitaji. Viungo vya ncha katika mistari inayofuatana viachane angalau sentimita 15. Kando ya kuta zote acha milimita 19, sawa na unene wa ubao wenyewe, skatingi itaifunika.

Na sasa milango. Sakafu inapanda karibu sentimita 2, kwa hiyo kila mlango unaofungukia ndani upunguzwe chini. Ngazi ya kutoka barazani kuingia sebuleni itakuwa ndefu kuliko wenzake kwa sentimita hizo mbili, na mguu wa mtu mzima aliyeizoea kwa miaka mingi hauangalii, unakumbuka. Umesema unamhofia mama asijikwae. Ngazi hiyo uirekebishe siku ileile, usiiache kwa wiki ijayo, na pale sebule inapokutana na korido weka ubao uliochongwa mteremko.

Mwalimu wa Nansio anajibu:

Nimewafuatilia kutoka huku Ukerewe, nami ninataka kuuliza jambo ambalo sijaliona likiulizwa. Je, chumba cha kulala kinahitaji kufunikwa? Ndugu mwuliza alieleza ubovu wa sebule tu. Mbao zenye unene wa milimita 22 ambazo hazijawahi kupigwa msasa wa mashine bado zina mbao nyingi juu ya ulimi, na zinaweza kusuguliwa na kupakwa upya zaidi ya mara moja. Kama boriti za chumbani ni nzima na mbao zimekazwa kwa skrubu, msasa na nta vinatosha, na mama atabaki na sakafu ya mumewe kwenye chumba anacholala.

Mkazi wa Isamilo anajibu:

Mwalimu, nilimsomea mama ujumbe wako, naye alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Huyo amenisikia." Chumbani hatutafunika.

Ninarudi baada ya wiki saba. Boriti imefungwa, mfereji umechimbwa, na mvua ya kwanza ilipopita nilishuka na tochi nikakuta nailoni ni kavu. Mninga ulifika chini ya asilimia 15 katika wiki ya tano, gramu 160 kwa 140, na ya zamani ikabaki kwenye 13, ndipo tukaanza. Tumekwisha kulaza mistari 57. Tumekwama kwenye mitatu ya mwisho, kwa sababu ukuta unazuia nyundo isiufikie ulimi.

Seremala wa Mabatini anajibu:

Mistari hiyo inapigiliwa kutoka juu, hakuna njia nyingine. Toboa kwanza, zamisha kichwa cha msumari, na uzibe tundu kwa unga wa mninga uleule uliochanganywa na gundi. Ule wa mwisho kabisa upunguze upana kwa msumeno hadi ibaki nafasi ya milimita 19, uuvute kwa mtaimbo uliokingwa kwa kipande cha mbao ili usiumize ukuta, na misumari yake uiweke pembeni kabisa mahali ambapo skatingi itaikalia. Skatingi yenyewe ipigiliwe ukutani, isipigiliwe sakafuni, ili sakafu ipate kutembea chini yake.

Mkazi wa Isamilo anajibu:

Tumemaliza jana jioni. Ngazi ya baraza tuliirekebisha asubuhi, kabla ya mstari wa mwisho. Kwenye kona ya chumba cha kulala, nyuma ya kabati, tumeacha kipande cha mbao za zamani kinachofunguka kwa skrubu nne, kinachomtosha mtu mmoja kushuka uvunguni na tochi, nami nitashuka tena masika itakapokolea.